Nani Amelipia Tangazo Hili? Mwongozo wa Kufuatilia Fedha za Makundi ya Nje katika Uchaguzi wa Marekani

Katika uchaguzi wa Marekani, mgombea hajifanyii kampeni peke yake. Pembeni yake husimama makundi ambayo si chama chake wala si kamati yake, yanayochangisha fedha kwa majina yao wenyewe na kuzitumia kumsifu au kumchafua, na ambayo sheria inayataka yafanye kazi hiyo bila kushauriana naye. Katika mzunguko wa uchaguzi wa mwaka 2024, matumizi ya makundi ya namna hiyo katika chaguzi za shirikisho, yaani za rais na za Bunge la Marekani, yalifikia takriban dola bilioni 4.5. Mwongozo huu unaonyesha jinsi mtu wa kawaida, mwenye kompyuta na saa chache za utulivu, anavyoweza kuanza na tangazo moja alilolitazama na kufika kwa mwenye fedha, au angalau kufika mahali ambapo njia imezibwa na kujua imezibwa kwa sheria gani. Unamfaa raia wa Marekani msomaji wa Kiswahili aliyeko Columbus, Minneapolis au Dallas, ambaye hupokea matangazo haya kila msimu. Unamfaa pia mwandishi wa habari wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kueleza siasa za Marekani bila kutegemea muhtasari wa wengine, kwa kuwa nyaraka zitakazotajwa hapa ziko wazi kwenye intaneti, hazilipiwi, na hazimbagui msomaji kwa nchi anayoishi.

Kabla ya kuanza, yatenganishwe maswali mawili ambayo watu huyachanganya: nani amelipia tangazo, na nani amempa fedha huyo aliyelipia. Jibu la swali la kwanza kwa kawaida hupatikana ndani ya siku moja au mbili. Jibu la swali la pili huweza kuchukua miezi, na mara nyingine halipatikani kabisa. Anayeishia kwenye swali la kwanza ni sawa na mtu aliyeuliza nani kaleta barua, akaambiwa ni tarishi, akaridhika.

Hatua ya kwanza: fahamu aina ya kundi

Sheria ya msingi ya fedha za kampeni za shirikisho ilitungwa mwaka 1971 na kurekebishwa mwaka 1974, marekebisho ambayo ndiyo yaliyounda Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, maarufu kwa kifupi cha FEC. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba serikali inaweza kuweka kikomo cha fedha anazopewa mgombea, kwa hoja ya kuzuia rushwa, lakini ikakataa kikomo cha fedha ambazo mtu anazitumia mwenyewe, bila kushirikiana na mgombea, kueleza maoni yake kuhusu mgombea huyo. Tofauti hiyo kati ya kumpa mgombea na kumtumikia kwa mbali ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata.

Tarehe 21 Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, mahakama hiyohiyo iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi navyo vina haki ya kutumia fedha zao kwa matumizi huru ya namna hiyo. Miezi miwili baadaye, Mahakama ya Rufani ya Washington iliamua katika kesi ya SpeechNow kwamba kundi linalofanya matumizi huru pekee haliwezi kuwekewa kikomo cha michango linayopokea. Watu wengi huitaja Citizens United kwa kila jambo, lakini ni SpeechNow iliyozaa kundi tunaloliita Super PAC.

Kwa hiyo, leo msomaji atakutana na makundi ya aina tatu kuu. Kuna kamati za kisiasa za kawaida, yaani PAC, ambazo zinaweza kumpa mgombea fedha moja kwa moja lakini hazivuki dola 5,000 kwa uchaguzi mmoja, na michango zinayopokea ina kikomo pia. Kuna Super PAC, ambayo inapokea kiasi chochote kutoka kwa raia, kampuni au chama cha wafanyakazi, inatumia kiasi chochote, hairuhusiwi kumpa mgombea hata senti moja, na inalazimika kuwataja wachangiaji wake. Na kuna asasi zisizo za faida zilizosajiliwa chini ya kifungu cha 501(c) cha sheria ya kodi: zile za namba 4, zinazojitambulisha kuwa za ustawi wa jamii, na za namba 6, ambazo ni jumuiya za wafanyabiashara. Asasi hizi za namba zote mbili zinaruhusiwa kufanya siasa mradi siasa isiwe shughuli yao kuu, na hazilazimiki kuutangazia umma wafadhili wao. Fedha zinazopitia humo ndizo zinazoitwa fedha za kificho.

Linganisha viwango hivyo na kile anachoruhusiwa mwananchi. Katika mzunguko wa 2025 hadi 2026, mtu mmoja anaweza kumpa mgombea wa shirikisho dola 3,500 kwa uchaguzi mmoja, kura za mchujo na uchaguzi mkuu zikihesabiwa mbalimbali. Mwaka 2024, Elon Musk pekee alitoa zaidi ya dola milioni 250 kupitia makundi ya nje, sehemu kubwa kupitia America PAC, kundi aliloliasisi mwenyewe. Hakuvunja kikomo chochote, kwa sababu hakikuwepo.

Hatua ya pili: nakili maandishi ya chini ya tangazo

Kila tangazo la matumizi huru katika uchaguzi wa shirikisho linatakiwa kueleza limelipiwa na nani, na kusema wazi kwamba halikuidhinishwa na mgombea yeyote wala kamati ya mgombea. Maneno hayo huwa madogo na hupita upesi, kwa hiyo simamisha video au piga picha ya skrini. Kipeperushi cha barua kitakuwa na anwani, namba ya simu au tovuti ya mlipaji. Tangazo la mtandaoni huwa na jina la mlipaji juu ya picha au chini yake. Nakili jina zima, herufi kwa herufi, kwa sababu makundi haya hupenda majina yanayofanana na yasiyo na umbo: uhuru, familia, wakati ujao, maendeleo, walipa kodi. Jina halikusudiwi kumtambulisha mwenye kundi. Mchekeshaji wa televisheni Stephen Colbert alipofungua Super PAC yake mwaka 2011 aliipa jina lenye maana ya Wamarekani kwa ajili ya Kesho Bora, Kesho, na mzaha ule ulieleweka mara moja kwa kuwa haukuwa mbali na majina ya kweli.

Kama tangazo liliruka kwenye mitandao na limekupita, tafuta jina la mgombea katika maktaba ya matangazo ya Meta au katika hifadhi ya matangazo ya Google. Zote mbili huonyesha mlipaji, kipindi tangazo liliporushwa na makadirio ya fedha zilizotumika.

Hatua ya tatu: ingia kwenye daftari la FEC

Fungua fec.gov, nenda kwenye sehemu ya data, andika jina ulilolinakili. Kila kamati ina namba yake inayoanza na herufi C, na ni vyema kuishika namba hiyo kuliko jina, maana majina hubadilishwa. Soma kwanza Fomu ya 1, ambayo ni tamko la kuanzishwa kwa kamati. Humo utapata tarehe ya usajili, anwani, benki na mweka hazina. Usishangae kukuta mweka hazina huyohuyo katika kamati nyingi: kuna watu wa uhasibu na wanasheria ambao hii ndiyo biashara yao, na jina lao peke yake si ushahidi wa njama. Kinachostahili kuandikwa pembeni ni tarehe ya usajili. Kamati iliyoanzishwa wiki tatu kabla ya kura za mchujo ina jambo ambalo ingependa lichelewe kujulikana.

Baada ya hapo kuna majedwali matatu ya kuangalia. Jedwali A linaorodhesha fedha zilizoingia: kila mchangiaji aliyefikisha zaidi ya dola 200 katika mwaka hutajwa kwa jina, mji, mwajiri na kazi yake. Jedwali B linaonyesha fedha zilizotoka kwa gharama za uendeshaji na kwa makundi mengine. Jedwali E ndilo la matumizi huru, na kila mstari wake unataja mgombea anayehusika na kueleza kama fedha zilitumika kumuunga mkono au kumpinga. Anza na E ili ujue kundi linafanya nini, kisha rudi A ujue linafanya kwa fedha za nani, kisha tazama B, ambako mara nyingi hupatikana kampuni za ushauri zilizolipwa zaidi ya walivyolipwa watengenezaji wa tangazo.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Fairshake, Super PAC ya sekta ya sarafu za kidijitali. Kwa mzunguko wa 2024 ilichangisha zaidi ya dola milioni 200, na Jedwali A lake halikuficha kitu: Coinbase, Ripple na kampuni ya uwekezaji ya Andreessen Horowitz ndizo zilizoubeba mzigo. Sasa fungua E. Utakuta zaidi ya dola milioni 10 dhidi ya mgombea Katie Porter katika kura za mchujo za useneta California mwezi Machi 2024. Utakuta pia kamati mbili dada: Defend American Jobs, iliyowaunga mkono Warepublican, na Protect Progress, iliyowaunga mkono Wademokrat. Ya kwanza ndiyo iliyomwaga takriban dola milioni 40 Ohio, ambako Seneta Sherrod Brown alishindwa na Bernie Moreno. Mpiga kura aliyeyatazama matangazo yale hakuelezwa habari za sarafu za kidijitali. Alielezwa tabia ya Porter, au ajira za Ohio. Maslahi ya mlipaji yaliandikwa katika jedwali, hayakusemwa katika tangazo, na huo ndio msingi wa kazi hii nzima: maudhui ya tangazo huchaguliwa kwa kinachomgusa mpiga kura, si kwa kinachomsumbua mlipaji.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika jimbo la uchaguzi la 16 la New York mwezi Juni 2024. United Democracy Project, Super PAC inayohusiana na AIPAC, jumuiya inayotetea uhusiano wa Marekani na Israeli, ilitumia zaidi ya dola milioni 14 dhidi ya mbunge Jamaal Bowman katika kura za mchujo alizoshindwa, na sehemu ya matangazo yake ilimshutumu kwa kupiga kura ya kupinga mswada wa miundombinu.

Hatua ya nne: soma kalenda kabla ya kusoma kiasi

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo pa kukaa kwa muda mrefu zaidi. Matumizi na michango haviripotiwi kwa kasi moja. Kundi likifikisha dola 10,000 za matumizi huru katika uchaguzi mmoja linatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48. Katika siku 20 za mwisho kabla ya kura, kiwango kinashuka hadi dola 1,000 na muda unakuwa saa 24. Taarifa hizo zinaeleza fedha zilikokwenda. Wachangiaji wa Super PAC hutajwa katika ripoti za vipindi: za kila mwezi au kila robo mwaka katika mwaka wa uchaguzi, na katika mwaka usio na uchaguzi kamati inaweza kuchagua kuripoti mara mbili tu.

Ripoti ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu hufunga hesabu siku 20 kabla ya kura. Kundi linaloanza kupokea fedha baada ya siku hiyo litawataja wafadhili wake katika ripoti inayotoka siku 30 baada ya kura, wakati mshindi ameshajulikana na vyombo vya habari vimeshahamia kwenye uteuzi wa mawaziri. Hakuna sheria inayovunjwa. Ni suala la kuhesabu siku.

RBG PAC ilifanya hesabu hiyo barabara mwaka 2024. Ilianzishwa mwezi Oktoba, ikatumia herufi za jina la marehemu Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu, aliyejulikana kwa kutetea haki ya utoaji mimba, na matangazo yake yakawaambia wanawake kwamba Donald Trump hangetia saini marufuku ya taifa zima ya utoaji mimba. Hesabu za kabla ya uchaguzi zilifungwa tarehe 16 Oktoba. Tarehe 5 Desemba, mwezi mzima baada ya kura, Jedwali A lilifunguka: dola milioni 20.5, zote kutoka kwa mfuko wa amana wa Elon Musk. Mtu aliyelitazama tangazo lile siku ya Jumapili kabla ya kura angeweza kufuata kila hatua ya mwongozo huu na asilipate jina hilo. Angeweza, hata hivyo, kujua kwamba kundi lina wiki chache tu na kwamba limejipanga nyuma ya tarehe ya kufunga hesabu, na hiyo nayo ni habari.

Mbinu hiyo hutumika pia katika kura za mchujo, ambako tarehe za majimbo hutofautiana. Tafuta katika tovuti ya FEC kalenda ya ripoti za jimbo lako, uweke alama siku ya kufunga hesabu.

Hatua ya tano: mchangiaji akiwa si mtu

Ukikuta katika Jedwali A jina la kampuni ndogo isiyojulikana, au jina la asasi, umefika kwenye ukuta. Kampuni hutafutwa katika daftari la msajili wa makampuni wa jimbo ilikosajiliwa. Mara nyingi utapata wakala wa usajili tu. Linganisha tarehe ya kuundwa kwa kampuni na tarehe ya mchango. Mwaka 2018, kampuni mpya iliyoitwa Global Energy Producers ilionekana kuipa America First Action, Super PAC ya kumuunga mkono Trump, dola 325,000. Malalamiko yaliyofikishwa FEC na waangalizi wa fedha za kampeni yaliwafunulia watu kwamba kampuni hiyo haikuwa chanzo halisi cha fedha, na Lev Parnas, mmoja wa wenye kampuni, alitiwa hatiani mwaka 2021. Kuchangia kwa jina la mtu mwingine ni kosa la jinai.

Kwa asasi za 501(c), nyaraka ya kutafuta ni Fomu 990, ambayo asasi huipeleka IRS, yaani mamlaka ya kodi, na ambayo umma una haki ya kuisoma. Njia rahisi ni hifadhi ya asasi zisizo za faida inayotunzwa na chombo cha habari ProPublica. Jedwali C la fomu hiyo linaeleza shughuli za kisiasa. Jedwali I linaorodhesha ruzuku ilizotoa kwa asasi nyingine. Jedwali B ndilo la wafadhili, na hapo utakuta kiasi bila majina. Tangu mwaka 2020, asasi za namba 4 na 6 hazilazimiki hata kuiambia IRS majina hayo.

Kwa kuwa upande wa wafadhili umefungwa, geuza mwelekeo: usiitafute fedha ilikotoka, itafute ilikotajwa kama ruzuku. Asasi ikipokea fedha kutoka asasi nyingine, mtoaji ameziandika katika Jedwali I lake mwenyewe. Kazi hii inachosha na inahitaji kufungua fomu nyingi, lakini ndiyo njia pekee ya mtu asiye na hati ya mahakama. OpenSecrets, shirika la utafiti la Washington, limekuwa likiikusanya michoro ya mahusiano hayo kwa miaka mingi, na si aibu kuanzia kwao.

Mahusiano mengine hayahitaji upelelezi. One Nation ni asasi ya namba 4 na Senate Leadership Fund ni Super PAC ya Warepublican wa Seneti. Zote ziliongozwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Steven Law, na ya kwanza huipa ya pili mamilioni. Kwa Wademokrat, Majority Forward na Senate Majority PAC zina uhusiano wa namna hiyohiyo. Super PAC inatimiza wajibu wake kwa kuandika kwamba imepokea fedha kutoka One Nation au Majority Forward, na mfadhili wa awali anabaki nyuma ya pazia.

Kwamba ukuta huu unaweza kuficha uhalifu, si siasa tu, ilithibitika Ohio. Asasi ya namba 4 iliyoitwa Generation Now ilipokea takriban dola milioni 60 kutoka kwa kampuni ya umeme ya FirstEnergy na washirika wake, ikawasaidia wagombea waliokuwa tayari kumchagua Larry Householder kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mwaka 2019 Householder akapitisha mswada wa kuiokoa mitambo miwili ya nyuklia kwa fedha za watumiaji wa umeme. Alikamatwa Julai 2020, akatiwa hatiani Machi 2023, akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Uchunguzi ulifanywa na FBI kwa kunasa simu na kupekua akaunti. Msomaji wa Fomu 990 asingeyafikia hayo peke yake.

Baadhi ya majimbo yameanza kuutoboa ukuta kwa chaguzi zao wenyewe. Arizona ilipitisha kwa kura ya maoni ya mwaka 2022, kwa zaidi ya asilimia 70, sheria inayoyataka makundi yenye matumizi makubwa yataje chanzo cha awali cha fedha, hata kama zimepita kwenye mikono kadhaa. Kama uchaguzi unaoufuatilia ni wa gavana, jaji au mbunge wa jimbo, basi daftari lako si la FEC, ni la mamlaka ya uchaguzi au ya maadili ya jimbo hilo, na kanuni hutofautiana mno.

Hatua ya sita: angalia mkataba wa televisheni

Vituo vya televisheni na redio vinatakiwa na Tume ya Mawasiliano, FCC, kuweka wazi jalada la matangazo ya kisiasa. Fungua publicfiles.fcc.gov, chagua kituo cha mji wako, ingia kwenye jalada la kisiasa la mwaka husika. Utapata oda zenyewe: nani kanunua, kwa vipindi gani, kwa bei gani, na mara nyingi majina ya viongozi wa kundi. Nyaraka hizi huonekana mapema, wakati mwingine kabla taarifa ya FEC haijatoka.

Zitakufundisha pia jambo ambalo hesabu za jumla huficha. Mgombea wa shirikisho ana haki ya kuuziwa muda kwa bei ya chini kabisa ya kituo katika siku 45 kabla ya mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Super PAC haina haki hiyo, hulipa bei ya soko, na katika wiki za mwisho bei hiyo hupanda mara kadhaa. Kwa hiyo dola milioni moja ya kundi la nje hununua muda mchache kuliko dola milioni moja ya mgombea. Anayeripoti kwamba kundi fulani limemzidi mgombea mara mbili kwa fedha ahakikishe kama limemzidi kwa muda wa matangazo.

Hatua ya saba: chunguza umbali kati ya kundi na mgombea

Sheria inadai matumizi yawe huru kweli. Kwa vitendo, umbali huo ni mfupi. Kundi mara nyingi huanzishwa na msaidizi wa zamani wa mgombea, na mgombea anaruhusiwa kuhudhuria harambee yake mradi asiombe fedha zinazovuka viwango vya sheria. Mgombea akitaka kundi lijue anachohitaji, huandika kwenye tovuti yake, mahali pa wazi, kwamba wapiga kura wa sehemu fulani wanapaswa kusikia jambo fulani. Kundi linasoma kama kila mtu anavyosoma. Mgombea huweka pia video zisizo na maneno, ili anayetaka kutengeneza tangazo azichukue. Mwaka 2014 Seneta Mitch McConnell aliweka video ya namna hiyo, anatabasamu mezani kwake bila kusema kitu, na wachekeshaji wakaishi nayo kwa wiki nzima.

Tembelea tovuti ya mgombea, ukatafute ukurasa wa namna hiyo, uulinganishe na matangazo ya kundi. Kufanana si ushahidi wa kosa; mara nyingi ni ushahidi kwamba sheria imefuatwa kwa herufi zake. Machi 2024, FEC ilieleza hata kwamba kampeni na makundi ya nje yanaweza kuratibu pamoja kazi ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na America PAC iliitumia nafasi hiyo mwaka huohuo. Usitegemee pia adhabu ya haraka. Kisheria FEC ina viti sita vya makamishna, visivyozidi vitatu vya chama kimoja, na maamuzi yake makubwa yanahitaji kura nne. Mwaka 2025 ilifika mahali ikakosa akidi kabisa.

Hatua ya nane: pima ushawishi bila kuongeza chumvi

Baada ya kuijua fedha, hushawishika mtu kusema imeamua uchaguzi. Asiseme upesi. Super PAC ya Right to Rise ilichangisha zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya Jeb Bush, aliyekuwa akiwania urais, naye akajiondoa tarehe 20 Februari 2016 bila kushinda jimbo hata moja. Aprili 2025, Musk na makundi yake walitumia zaidi ya dola milioni 20 kumsaidia Brad Schimel katika uchaguzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin, na Susan Crawford akamshinda kwa takriban pointi kumi.

Kwa maoni yangu, mahali pa kuitafuta nguvu ya fedha hizi ni kura za mchujo za ubunge. Wapiga kura wanaojitokeza ni wachache, chama hakiwezi kutumika kama alama kwa kuwa wote ni wa chama kimoja, na mgombea hana fedha za kujibu. Urais una habari nyingi za bure kiasi kwamba tangazo la elfu moja haliongezi mengi. Na kuna athari isiyopimika kwa kura: mbunge aliyemwona mwenzake akiangushwa kwa dola milioni 14 hahitaji kutumiwa tangazo. Baada ya Novemba 2024, Fairshake haikuwa na haja ya kumtisha mtu. Ilitangaza tu kwamba ina fedha kwa ajili ya 2026.

Ukiandika matokeo, tenganisha sentensi tatu: kundi lilitumia kiasi hiki, kundi lilipata fedha kwa watu hawa, mgombea alishinda au alishindwa. Neno la kuziunganisha, yaani kwa sababu, libaki nje mpaka uwe na ushahidi wa ziada.

Tahadhari za msomaji mwenyewe

Majina na anwani za wachangiaji zilizomo katika ripoti za FEC haziruhusiwi kutumika kuomba michango wala kufanya biashara. Asiye raia kwa kawaida haruhusiwi kutoa fedha, nyingi au chache, kwa ajili ya uchaguzi wa shirikisho, jimbo au mji. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, anaruhusiwa, ila mwanafunzi na mwenye viza ya kazi hawaruhusiwi. Si katazo la karatasini tu: Right to Rise ilitozwa faini ya dola 390,000 kwa kuomba mchango kwa kampuni ya California yenye wamiliki wa kigeni, na kampuni yenyewe ikatozwa dola 550,000. Na ukipigiwa simu ya kuombwa mchango kwa ajili ya polisi, wazimamoto au askari wastaafu, tafuta kwanza jina la kundi katika FEC: yapo makundi ambayo Jedwali B lao linaonyesha karibu fedha zote zinakwenda kwa kampuni inayopiga hizo simu.

Kwa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026, hesabu za kabla ya kura zinafungwa tarehe 14 Oktoba na ripoti inatakiwa tarehe 22 Oktoba. Ripoti ya baada ya uchaguzi, itakayowataja waliotoa fedha kuanzia tarehe 15 Oktoba, inatakiwa tarehe 3 Desemba. Fomu 990 za asasi nyingi kwa mwaka huo, wakiomba nyongeza ya muda kama walivyozoea, zitatoka Novemba 2027.